Makovu ya chunusi: doa si shimo, na mashimo hayafanani

Ingia duka la vipodozi Kariakoo au River Road, sema unataka dawa ya makovu ya chunusi, na utapewa krimu kabla hujamaliza kusema. Muuzaji hatakuuliza makovu ya namna gani. Hapo ndipo fedha zinapoanza kupotea, kwa sababu neno hilo moja limebeba mambo matatu ambayo kitiba hayana undugu: doa, yaani rangi iliyobaki juu ya ngozi iliyo tambarare; shimo, yaani mahali ambapo nyama ya chini imeliwa; na uvimbe, yaani nyama iliyozidi. Krimu inayofifisha doa haiinui shimo hata ikipakwa miaka kumi. Leza inayosawazisha shimo inaweza kuacha doa jeusi kuliko lile la mwanzo. Na kisu kinachoondoa uvimbe, kikitumika peke yake, mara nyingi huurudisha ukiwa mkubwa zaidi.

Kujipima hakuhitaji mashine. Ingia chumba chenye giza, simama mbele ya kioo, washa tochi ya simu na uishike pembeni, karibu na sikio, ili mwanga upite juu ya shavu kama jua la magharibi linavyopita juu ya matuta ya shamba. Doa halitakuwa na kivuli. Shimo litakuwa na kivuli upande ulio karibu na taa. Uvimbe utatupa kivuli chake upande wa mbali. Sasa vuta ngozi kwa vidole viwili, kimoja kila upande wa kovu. Shimo likipotea unapovuta, si la kina, na tiba nyingi zitalifaa. Likibaki vilevile, kuta zake zimeshuka chini sana na krimu haitafika huko. Mwisho fumba macho upapase: watu wengi hugundua kwamba nusu ya kinachowasumbua ni rangi tu, kidole hakihisi kitu.

Madoa

Chunusi inapovimba, seli zinazotengeneza melanini hushtuka na kumwaga rangi kupita kiasi. Mtu mweusi hana seli nyingi zaidi za aina hiyo kuliko mzungu. Zake hufanya kazi kwa nguvu zaidi, na ndiyo maana kipele ambacho kwa mwingine kingeacha wekundu wa wiki mbili, kwetu huacha alama ya miezi. Rangi ikikaa tabaka la juu, doa huonekana la kahawia na kwa kawaida hufifia lenyewe ndani ya miezi 6 hadi 12 au zaidi kidogo. Ikidondokea tabaka la ndani, hugeuka kijivu au kama samawati iliyochujuka, na hapo huhesabiwa miaka.

Dawa ya kwanza ya doa ni kivuli. Jua huamsha rangi ileile unayojaribu kuifuta, na kazi yote ya krimu ya usiku hubomolewa na safari moja ya bodaboda saa saba mchana. Losheni ya kukinga jua iwe ya SPF 30 kwenda juu, na kipimo chake kwa uso na shingo ni mistari miwili iliyojaa, mmoja juu ya kidole cha shahada na mwingine juu ya kidole cha kati. Wengi hupaka robo ya hapo, kisha hulalamika kwamba haifanyi kazi. Irudie kila baada ya saa mbili ukiwa nje. Kwa ngozi nyeusi, losheni yenye rangi ya ngozi ni bora kuliko nyeupe, si kwa urembo peke yake: rangi hiyo hutokana na oksidi ya chuma, na oksidi ya chuma huzuia mwanga unaoonekana kwa macho, ambao nao huongeza madoa kwenye ngozi yenye melanini nyingi. Losheni nyingi za kawaida huzuia miale ya urujuanimno tu.

Usiku ndiyo zamu ya krimu ya adapalini ya asilimia 0.1 au tretinoini ya asilimia 0.025. Osha uso, ukauke kabisa, subiri dakika 20, kisha chukua kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima. Si punje kwa kila doa. Anza usiku mmoja kwa kila siku tatu, wiki mbili baadaye nenda usiku mmoja kwa miwili, na usiharakishe. Kubambuka kidogo ni kawaida. Kuungua si kawaida. Ngozi nyeusi iliyounguzwa na dawa ya madoa huota madoa mapya palepale ilipoungua, na mtu huongeza dawa akidhani haijatosha. Mduara huo umewaharibia watu wengi zaidi kuliko chunusi zenyewe. Mjamzito asiguse dawa hizi mbili. Kwake kuna asidi ya azelaiki ya asilimia 15 hadi 20, asubuhi na jioni, inayotibu chunusi na doa kwa pamoja. Huwasha kidogo wiki za kwanza, kisha huzoeleka. Matokeo ya haya yote hupimwa kwa wiki 8 hadi 12. Anayebadilisha krimu kila mwezi hajawahi kuijaribu hata moja.

Haidrokwinoni, dawa ya kufifisha rangi ya ngozi, inafanya kazi, hilo halina ubishi. Lakini Tanzania, Kenya na Rwanda zimeipiga marufuku katika vipodozi kwa sababu nzuri: ikitumika kwa muda mrefu bila usimamizi, huleta mabaka ya buluu na nyeusi mashavuni yanayoitwa okronosisi, ambayo ni magumu kutibu kuliko doa lolote la chunusi. Inapotumika, hutumika kama dawa, kwa kawaida ya asilimia 4, kwa miezi michache yenye tarehe ya kuanza na ya kuacha, daktari akitazama.

Mkorogo ni habari nyingine. Anayekorogewa kwenye kopo lisilo na lebo hajui kama anapaka haidrokwinoni, zebaki au steroidi kali kama klobetasoli, na mara nyingi ni mchanganyiko. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, awali uliweka mpaka wa zebaki katika vipodozi kuwa sehemu 1 kwa milioni. Zebaki huharibu figo, na hupita kwenye ngozi bila kubisha hodi. Steroidi ndiyo tapeli mkubwa zaidi, maana wiki ya kwanza inapendeza: chunusi zinalala, uso unang'aa, jirani anauliza unatumia nini. Baada ya miezi ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, vinyweleo vinaota, na ukiacha, chunusi zinarudi kwa kishindo.

Na ndimu? Asidi yake inaunguza, na maji ya ganda lake yana kemikali inayoitikia jua kwa kuichoma ngozi na kuacha weusi. Dawa ya meno nayo hukausha kipele kwa kuunguza kilicho pembeni. Liwa na msio wa mwambao havina madhara hayo, na vinapoza uso vizuri, ila visiulizwe kazi ambayo si yao: havijazi shimo.

Mashimo, moja baada ya jingine

Shimo hutokea pale uvimbe wa chunusi unapokula kolajeni iliyokuwa ikiishikilia ngozi kutoka chini. Mashimo ni ya aina tatu, na uso mmoja huweza kubeba zote.

Kuna vishimo vya sindano: mdomo mdogo usiozidi milimita 2, lakini kina kirefu kinachochongoka kuelekea chini, kana kwamba mtu alichoma kwa msumari. Kuna vishimo vya kuta: vipana kidogo, milimita 1.5 hadi 4, kingo zimesimama wima na sakafu ni bapa, vinafanana na vile vinavyoachwa na tetekuwanga. Na kuna mabonde: mapana ya milimita 4 au 5 kwenda juu, hayana kingo, yanafanya shavu lionekane kama maji yenye mawimbi. Bonde halijachimbika sana, limevutwa. Chini yake kuna nyuzi ngumu zinazoifunga ngozi kwenye nyama, kama godoro lililoshonwa vifungo. Kupaka kitu juu ya godoro hakulegezi kifungo, na hapo ndipo tiba nyingi za bei kubwa zinapokosea mlango.

Bonde hutibiwa kwa kukata zile nyuzi. Daktari huchora mipaka ya mabonde kwa kalamu mgonjwa akiwa amekaa, si amelala, kwa sababu ukilala mabonde hujificha. Huchoma ganzi, kisha huingiza sindano yenye ncha bapa, au mrija butu usiokata mishipa, kupitia tundu moja pembeni mwa shavu, na kuusogeza mbele na nyuma kama pepeo linavyofunguka. Nyuzi zinapokatika husikika mlio mdogo wa kutatuka, mgonjwa mwenyewe huusikia kichwani. Damu hujaa chini ya ngozi, na damu hiyo ina kazi: inaitenganisha ngozi na nyama wakati kolajeni mpya inajengwa. Kwa hiyo uso utavimba na kuvilia kwa wiki moja au mbili. Usipange kwenda harusini. Hurudiwa baada ya wiki 4 hadi 6, mara mbili au tatu au zaidi. Njia hii ilielezwa na madaktari wawili wa ukoo wa Orentreich wa Marekani mwaka 1995, na kwa mabonde bado haijapata mpinzani wa kweli. Inafaa ngozi nyeusi kwa sababu haiunguzi tabaka la juu. Pa kuchunga ni kwenye njia za neva, hasa pembeni ya paji la uso na kwenye ukingo wa taya, ambako mkono usiojua haupaswi kupita.

Kishimo cha sindano kinahitaji kitu kinachofika chini kabisa bila kugusa jirani. Hapo huja asidi ya trikloroasetiki, kwa kifupi TCA, kwa njia iitwayo CROSS: daktari huchonga ncha ya kijiti cha mbao, huichovya kwenye TCA ya asilimia 65 hadi 100, huikung'uta, kisha huigusisha ndani ya kishimo kwa sekunde chache. Ndani hugeuka weupe kama chokaa, kisha hufanya kigaga kinachodondoka baada ya wiki moja hivi. Ukuta wa kishimo huchochewa kutengeneza kolajeni na mdomo hujivuta ndani. Mara 3 hadi 6, wiki 4 au zaidi kati ya moja na nyingine. Asidi ileile iliyoguswa ndani ya shimo huponya. Ikitiririka nje ya mdomo, hupanua shimo na kuacha alama nyeupe au nyeusi. TCA inauzwa mtandaoni kwa chupa, na wapo wanaojaribu wenyewe mbele ya kioo cha bafuni. Tafadhali, hapana. Mkono wako unatazama kioo kinyume, na tone moja linatosha.

Vishimo vya kuta vilivyo virefu hukatwa kwa kitobozi cha duara chenye upana wa kovu lenyewe. Sakafu ikiwa ina ngozi nzuri, huinuliwa hadi usawa wa juu na kuachwa igande pale. Ikiwa mbaya, hutolewa na tundu kushonwa uzi mmoja, likabaki mstari mwembamba unaofichika kirahisi kuliko shimo. Vile vifupi huitikia vizuri kazi ya juu ya ngozi, yaani visindano au leza.

Visindano ni mashine au roli yenye sindano nyembamba zinazotoboa ngozi mamia ya mara. Kila tundu ni jeraha dogo mno linaloita kolajeni mpya, na kwa kuwa hakuna joto, hatari ya madoa ni ndogo. Kwa watu weusi wenye mashimo ya wastani, hapa ndipo pa kuanzia. Kwa makovu, urefu wa sindano ni milimita 1.5 hadi 2.5, baada ya krimu ya ganzi ya dakika 45 hadi saa moja, mara 3 hadi 6, wiki 4 hadi 6 kati yake. Roli za nyumbani za milimita 0.2 hadi 0.5 hazifiki kovu lilipo. Zinachofanya ni kupitisha krimu, na bakteria pamoja nayo. Usisukume serumu ya vitamini C ndani ya matundu mapya, kwani kuna watu walioota vinundu vya mzio vilivyogoma kuondoka. Wala hakuna roli ya kuazimana, hata kati ya dada na dada. Sindano iliyotoka damu ya mmoja hubeba homa ya ini B na virusi vya UKIMWI hadi kwa mwingine. Jimboni New Mexico, Marekani, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2024 uliunganisha maambukizi ya VVU ya wateja wa saluni moja isiyo na leseni na huduma ya visindano iliyochanganywa na damu ya mteja mwenyewe. Wakaguzi walikuta mirija ya damu isiyo na majina juu ya meza ya jikoni, na mingine ndani ya friji ya chakula.

Leza na ngozi yetu

Leza ya kaboni dioksidi, ya nanomita 10,600, hutoboa vitundu vidogo kwa kuigeuza ngozi mvuke. Ni kali na ina matokeo makubwa kwa mara moja au mbili. Lakini picha nyingi za kabla na baada unazoonyeshwa ni za watu weupe. Kwenye kipimo cha Fitzpatrick, kilichoanzishwa mwaka 1975 na chenye ngazi sita za ngozi, wengi wetu tuko ngazi ya 5 na 6, na huko joto hilohilo linalojenga kolajeni huamsha melanini. Haimaanishi ni haramu. Inamaanisha daktari apunguze msongamano wa mapigo, aongeze idadi ya safari, ajaribu kwanza sehemu ndogo karibu na sikio, na asubiri wiki 4 aone rangi inasemaje kabla ya kugusa uso mzima. Leza zisizochubua, za nanomita 1,540 na 1,550, ni laini zaidi, ingawa safari ni nyingi. Kuna pia visindano vya mawimbi ya redio, ambavyo mwili wake umefunikwa na kinga na ncha tu ndiyo inatoa joto, chini ya tabaka lenye rangi. Kwa ngozi nyeusi yenye mashimo mengi, hicho ni kifaa chenye mantiki kuliko leza ya kaboni, ukikipata kwa mtu anayekijua.

Maganda ya kemikali, yaani kuchubua kwa asidi ya salisiliki ya asilimia 20 hadi 30 au glaikoliki, husaidia madoa na mashimo mafupi mno, basi. Kliniki ikikuahidi kufuta mashimo marefu kwa kuchubua uso mzima, swali la kufuata ni kwa kemikali gani, kwa sababu uchubuaji unaofika kina hicho ni hatari kwa uso mweusi.

Kijazio cha asidi ya hialuroniki huinua bonde siku hiyohiyo na hudumu miezi kadhaa hadi mwaka. Ni kizuri kwa mwenye mabonde machache na fedha ya kurudia.

Uvimbe

Kifuani, mabegani, kwenye taya na kisogoni, chunusi huweza kuacha keloidi badala ya shimo. Hapa kanuni zote za juu zinageuka: chochote kinachounguza au kukata huongeza nyama. Kinachofanya kazi ni sindano ya triamsinoloni, yaani steroidi inayosinyaza nyama, ndani ya uvimbe, miligramu 10 hadi 40 kwa mililita, kila wiki 4 hadi 6, wakati mwingine ikitanguliwa na kugandishwa kwa nitrojeni ya maji. Karatasi ya silikoni husaidia uvimbe mpya ikivaliwa angalau saa 12 kwa siku kwa miezi miwili mitatu au zaidi. Mwenye vipele vigumu kisogoni aache kwanza kunyolewa hadi ngozini. Bila hilo, sindano zitakuwa za kila mwaka. Na mwenye historia ya keloidi aitaje kabla ya tiba yoyote ya mashimo, hata asipoulizwa.

Nini kitangulie

Chunusi zilizo hai hutibiwa kwanza. Kusawazisha uso unaoendelea kuchimbika ni kuchota maji kwa tenga. Zikitulia kwa miezi kadhaa, mpangilio wa kawaida ni huu: kata nyuzi za mabonde, kisha shughulikia vishimo virefu kimoja kimoja, kisha visindano au leza kwa uso mzima, na madoa yafuatwe kwa krimu muda wote huo. Zamani, aliyetumia isotretinoini, yaani vidonge vya chunusi kali, aliambiwa asubiri miezi 6 hadi 12 kabla ya kuguswa. Wataalamu wa Marekani walipopitia ushahidi mwaka 2017 waliona kusubiri huko hakuna msingi kwa maganda mepesi na leza zisizochubua, ila kwa kukwangua kwa mashine na leza inayochubua uso mzima tahadhari ilibaki. Anayetokwa na vidonda vya baridi midomoni aombe asikloviri kabla, la sivyo virusi vitasambaa juu ya ngozi iliyotobolewa.

Kisha yapo ya nyumbani. Acha tretinoini siku kadhaa kabla ya tiba, kwa tarehe utakayopewa. Baada yake ni maji safi, mafuta mazito yasiyo na manukato, na losheni ya jua mara ngozi inapofunga. Kigaga hakibanduliwi, kinachobanduliwa kabla ya siku yake huondoka na ngozi changa na kuacha doa.

Anayesema atakurudishia ngozi ya utotoni anauza ndoto. Kina cha mashimo kupungua kwa nusu ni matokeo mazuri, na kolajeni huendelea kujengwa miezi 3 hadi 6 baada ya safari ya mwisho, hivyo kuhukumu wiki ya pili ni mapema mno. Kabla ya kulipa, uliza nani atashika kifaa, amesomea wapi, ametibu nyuso ngapi nyeusi kama yako, na akuonyeshe picha zake, si za kampuni ya mashine. Si lazima awe wa kliniki yenye marumaru: Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya ngozi kilichosomesha madaktari na matabibu wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika, na wengi wao wako hospitali za rufaa za mikoa. Uliza pia jumla ya safari zote, kwa maana bei ya safari moja ya visindano si bei ya tiba.

Na piga picha zako mwenyewe. Dirisha lilelile, saa ileile, mwanga ukitoka pembeni, bila vipodozi wala kichujio cha simu: moja kabla ya kuanza, nyingine miezi mitatu baadaye, ya tatu miezi sita baada ya safari ya mwisho. Kioo unachokitazama kila asubuhi hakitakuonyesha mabadiliko hayo.